Kwa nini sisi wa Masisi na Walikale tunamusoma mwalimu wa Kiambu



Kila mara jina la Walikale linapotoka mu habari za dunia, linatoka na hesabu. Kati ya tarehe 30 mwezi wa 7 na tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2010, mu vijiji 13 vya barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi ikiwa mojawapo, watu zaidi ya 380 walibakwa. Umoja wa Mataifa uliandika ripoti. Miaka 10 ikapita, na mwezi wa 11 mwaka 2020 mahakama ya kijeshi mujini Goma ikamuhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha. Kwetu Masisi ni vilevile: hesabu ya waliokimbia, hesabu ya waliofika kambini, hesabu ya wanawake waliopokelewa hospitali.

Hizo hesabu tunazitaka. Sisi wenyewe tunazitumia kila tunapoandika tangazo, na yule anayetaka zifichwe tunajua anamulinda nani. Lakini jiulize: ni lini ulisoma ukurasa mumoja tu juu ya mwanamuke wa Masisi anayetaka kitu? Anayependa, anayekasirika, anayepanga mambo yake, hata anayedanganya? Mwanamuke wa kwetu anaingia mu maandishi siku moja tu, ile siku aliyoteswa. Mbele ya hapo haiko. Nyuma ya hapo haiko.

Njo maana leo tunaandika juu ya mutu ambaye si wa kwetu: Rebeka Njau wa Kenya, mwalimu na mwandishi, aliyetetea wanawake mbele neno «feminisme» halijafika kwa midomo yetu. Na tutasema wazi tangu mwanzo jambo ambalo wengine wenu mungependa tulipitie mbali. Riwaya yake kubwa ina mwanamuke anayemupenda mwanamuke mwenzake. Yeye mwenyewe hakuwa hivyo, au tuseme hakuna fasi alipojiita hivyo: aliolewa, akazaa. Lakini aliliandika, mwaka 1975, wakati mu Afrika yetu ya Mashariki karibu kila mutu aliyeshika kalamu aliona ni vizuri kunyamaza.

Alizaliwa mwaka 1932 kule Kanyariri, Kiambu, Kenya ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Alisoma Alliance Girls, sekondari ya wasichana ya Kikuyu, wakati musichana Mwafrika kufika sekondari ilikuwa jambo la kuhesabika kwa vidole. Kisha akaenda Makerere, Kampala. Akarudi kufundisha, na palepale Alliance Girls alifundisha pia. Miaka ya 1960, Kenya ikiisha kupata uhuru, alikuwa mwanzilishi na mwalimu mukuu wa Nairobi Girls, sekondari ya wasichana mu muji mukuu. Mume wake, muchoraji Elimo Njau kutoka upande wa Kilimanjaro, alikuwa kati ya walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mujini Nairobi mwaka 1965. Kwa hiyo alikuwa mutu wa heshima: mwalimu mukuu, mama, muke wa msanii anayejulikana. Tunalisema kwa sababu kwetu watu wanafikiri anayeandika mambo haya lazima awe mutu wa kandokando, asiye na nyumba wala kanisa.

Mchezo wake wa kuigiza, The Scar, ulitoka mwaka 1963 mu jarida la Transition la Kampala, na unahesabiwa kuwa wa kwanza kuandikwa na mwanamuke wa Kenya. Ndani yake kuna Mariana, mwanamuke anayewakusanya wasichana wa kijiji na kuwafundisha wakatae kukeketwa, hadi siri ya ujana wake inafunuliwa na mambo yote yanamwangukia. Hapa tuweke maelezo kidogo kwa wale ambao historia ya Kenya haikupita kwa mubao wao. Ukeketaji haukuwa jambo dogo kwa Wakikuyu. Kuanzia mwaka 1929 ulipasua makanisa na mashule: wamisioni upande huu, watetezi wa desturi upande ule. Jomo Kenyatta mwenyewe, yule aliyekuja kuwa rais, aliitetea desturi hiyo mu kitabu chake cha mwaka 1938. Kuikataa kulikuwa kama kusimama na muzungu. Kuikubali kulikuwa kumupeleka mutoto kwa kisu. Njau akaandika mwanamuke anayekataa, na hakumufanya awe mutakatifu. Ana kovu lake, ana siri yake, na wale wanaomuhukumu hawamuzidi kwa usafi.

Hiyo njo njia yake yote, na tunaipenda. Hakungojea mwanamuke awe safi kabisa njo amuandike.

Alikuwa anaandika pia mashairi, mengine kwa jina la Marina Gashe. Muswada wake wa riwaya, Alone with the Fig Tree, ulipewa zawadi ya waandishi wa Afrika ya Mashariki mwaka 1964, lakini haukutoka kama kitabu. Hesabuni nyinyi wenyewe: mutu ana zawadi mukononi mwaka 1964, na riwaya yake ya kwanza inafika kwa wasomaji mwaka 1975. Miaka 11. Grace Ogot alikuwa amemutangulia mwaka 1966 na The Promised Land, na wanawake wengine walioandika riwaya mu Kenya ya wakati ule hawakuwa wengi. Wanaume walikuwa wanatoa kitabu juu ya kitabu. Sisi tulio na lisansi ndani ya kabati tangu miaka mitatu, tunaotuma CV na kungojea simu isiyolia, tunaielewa sana ile miaka 11. Yeye alikuwa anasahihisha daftari za wanafunzi, analea, na usiku anaandika. Hatukuwepo kuona, lakini mwalimu yeyote wa kwetu atakuambia saa za kuandika zinapatikana wapi.

Sasa tufike kwa kitabu chenyewe, Ripples in the Pool. Kilitoka kwanza Nairobi mwaka 1975, na mwaka 1978 Heinemann wa London wakakiingiza mu ule mufululizo wao wa waandishi wa Afrika wenye majalada ya rangi ya machungwa. Ni Kiingereza. Tulikisoma kwa simu, watu sita tukizunguka simu moja, mwenzetu aliyesoma Kampala akitafsiri kwa Kiswahili, na kila baada ya kurasa tatu kunatokea mabishano.

Kuna Selina. Ni mwanamuke wa muji, mwenye uzuri na mudomo, aliyeishi kwa kutegemea wanaume wenye pesa na sasa amechoka. Anaolewa na Gikere, kijana wa hospitali ambaye ana ndoto ya kurudi kijijini kwao na kujenga kliniki. Wanarudi. Kijiji hakimutaki Selina. Mama mukwe hamutaki. Mume naye, yule mwenye ndoto nzuri ya kliniki, anamupiga. Juu yao wote kuna depite, Munene, anayemeza ardhi ya watu huku akiongea maendeleo. (Hapo mmoja wetu aliuliza kama mwandishi amewahi kupita Masisi.) Na katikati ya kijiji kuna ziwa dogo takatifu, na muzee anayelilinda.

Mu hali hiyo Selina anamupenda Gaciru, mudogo wa mume wake. Anamupenda kwa nguvu, kwa wivu, kama mutu aliye ndani ya maji anavyoshika tawi. Gaciru anapogeukia kijana mwanaume, Selina anamuua.

Ndiyo, anamuua. Hatutawadanganya kwamba ni kitabu cha kusema mapenzi ya wanawake wawili ni bustani ya maua. Wasomaji wengi wamesema Njau aliyachora hayo mapenzi kama ugonjwa, sumu ya muji iliyoingia kijijini, na kwamba yule mwanamuke anaadhibiwa kwa kupewa wazimu. Hata kati yetu sita, wawili walishika msimamo huo hadi mwisho, na hoja zao hazikuwa nyepesi. Mmoja alisema: kama mwandishi anataka nimuheshimu Selina, kwa nini anamupa kisa cha muuaji?

Sisi wengine tunajibu hivi. Tazama ni nani anafanya ubaya mu hicho kitabu. Gikere anapiga. Depite anaiba. Kijiji kinasengenya. Hakuna mapenzi yanayobaki mazima, ya wanaume na wanawake pia. Selina hakuharibika kwa sababu alimupenda Gaciru. Alifika kwa Gaciru akiwa tayari amevunjwa na watu ambao hakuna aliyewaita wagonjwa. Na jambo la pili, ambalo kwetu ni kubwa zaidi: Selina ana kiu. Anaongea. Anataka nyumba, anataka kuheshimiwa, anataka kuguswa bila kupigwa. Mwandishi hakufunga mulango wakati hiyo kiu ilipomuelekea mwanamuke mwenzake. Aliacha musomaji aingie na aone. Mwaka 1975, mwalimu wa sekondari ya wasichana aliyelelewa mu shule ya misheni aliliandika jambo hilo kama jambo linalotokea kijijini, kati ya wifi na wifi, nyumba moja, jiko moja.

Kumbukeni hilo kila mutakaposikia kwamba mambo haya yaliletwa na intaneti.

Tuseme sasa kwa nini haya yanatuuma. Mu sekondari moja ya kwetu, ambayo hatutaitaja, wasichana wawili wa mwaka wa mwisho walifukuzwa juu ya barua. Barua moja, ukurasa mumoja wa daftari, iliyopatikana ndani ya kitabu cha hesabu. Ilikuwa na maneno ya mapenzi na jina la kike juu na jina la kike chini. Hawakuitwa kuulizwa. Walisimamishwa mbele ya wanafunzi wote asubuhi, barua ikasomwa kwa sauti, na wakaambiwa waende. Ilikuwa miezi miwili mbele ya Exetat. Wazazi walikuwa wameuza mbuzi kwa ajili ya ile mitihani. Tulienda kuomba, watu wanne, na karatasi tumeiandika vizuri: wafukuzwe kama ni lazima, lakini waachwe wafanye Exetat. Tukajibiwa kwamba shule ina kanuni zake na kwamba sisi ni vijana wa fujo. Mmoja wao ameolewa sasa, haraka haraka, na mutu ambaye hakumuchagua. Mwingine alienda upande wa machimbo na hatuna habari yake.

Tuulize kwa utulivu: kosa lilikuwa gani? Katiba ya Kongo, kipengele cha 40, inasema ndoa ni kati ya watu wa jinsia mbili tofauti. Sawa. Wale wasichana hawakuomba ndoa. Sheria yetu ya makosa haina kipengele kinachosema kwamba watu wawili wazima wa jinsia moja wakipendana ni jinai. Uganda, hapo jirani, waliweka sheria kali mwaka 2023, yenye kifungo cha maisha na hata kifo kwa hali fulani. Kongo haikufanya hivyo. Lakini kwetu hakuna haja ya sheria. Inatosha barua ndani ya kitabu cha hesabu.

Na mutu aliyesoma ile barua kwa sauti mbele ya watoto alikuwa mwalimu.

Hapo njo tunapomurudilia Njau. Alikuwa mwalimu mukuu wa wasichana. Alijua barua za wasichana, wivu wao, urafiki unaochoma, machozi ya bweni. Kila mwalimu wa shule ya wasichana anajua. Alichofanya na huo ujuzi ni kukaa chini na kuandika watu.

Tunajua mutatuambia: Njau alijificha nyuma ya riwaya, tuleteeni aliyesimama wazi. Wako. Tumutaje mumoja wa Afrika ya Kati, karibu na sisi kuliko munavyofikiri: Trifonia Melibea Obono wa Ginekweta. Yeye ni mwandishi wa riwaya na mwalimu wa chuo kikuu cha taifa lake, ni mutetezi wa wanawake, na amesimama hadharani kutetea wanawake wanaopenda wanawake. Riwaya yake La bastarda ya mwaka 2016, iliyoandikwa kwa Kispanyola, inaeleza Okomo, musichana yatima wa kabila la Fang anayemutafuta baba yake na kukuta kimbilio musituni pamoja na wasichana wenzake. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2018. Kitu kimoja mu hicho kitabu kilitushika: lugha ya Kifang ina neno la kumuita mwanaume anayeonekana kama mwanamuke, lakini kwa msichana anayependa msichana hakuna neno. Haitwi kitu, kwa hiyo haiko. Tulipofika hapo tukatazamana. Kihunde wanasemaje? Kinyanga? Kikumu? Mu Kiswahili neno tunalolijua ni lile la kutukana, lile wanafunzi walilopigia kelele nyuma ya wale wasichana wawili, na hatutaliandika hapa.

Kutoka Uganda kuna Monica Arac de Nyeko, ambaye hadithi yake fupi Jambula Tree, juu ya wasichana wawili wa jirani, ilipata zawadi ya Caine mwaka 2007. Wanuri Kahiu wa Kenya aliichukua akatengeneza filamu Rafiki. Mwaka 2018 ilifika Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa mu orodha rasmi ya kule, na Kenya yenyewe ikaipiga marufuku. Mahakama kuu ikairuhusu siku 7, na sinema za Nairobi zikajaa. Siku 7, kisha marufuku ikarudi. Ukihesabu kutoka Selina ni miaka 43, na swali ni lilelile.

Kuna wanaotupinga kwa njia ya heshima, na hao tunawajibu kwa heshima. Wanasema: tangu mwisho wa mwaka 2021 M23 imerudi, Masisi imechanika, watu wamelala chini ya bashe, na nyinyi munaongea riwaya na mapenzi ya wanawake. Mutagawanya vijana. Mutawapa maadui zetu silaha ya kusema harakati imenunuliwa na wazungu.

Juu ya wazungu: tumeeleza tayari, mwalimu wa Kiambu, mwaka 1975, ziwa la kijiji, mama mukwe. Hakuna muzungu hapo ndani. Juu ya kugawanya: vijana wanagawanyika pale mumoja wao anapofukuzwa na wengine wanaangalia kando. Na juu ya vita, tunaomba mufikiri pamoja na sisi. Vita inafanya nini kwa mwanamuke? Inamufanya awe mwili tu. Mwili wa kubaka, wa kubeba mizigo, wa kuhesabu kambini asubuhi. Riwaya ya mwisho ya Njau, The Sacred Seed ya mwaka 2003, ni juu ya jambo hili hasa: inchi yenye rais anayetumia nguvu yake kubaka, na wanawake wanaokusanyika kutafuta uponyaji na kusimama. Aliitoa akiwa na miaka 70. Mutu anayesema hii si ya Masisi hajaisoma, au hajakaa Masisi.

Kuna kitu kingine alichokifanya Njau na ambacho tunaweza kuanza kesho. Mwaka 1984, pamoja na Gideon Mulaki, alitoa kitabu Kenya Women Heroes and Their Mystical Power. Ni mambo ya wanawake mashujaa yaliyokuwa mu midomo ya wazee tu: manabii wa kike, wapiganaji, waganga. Walitafuta, wakauliza, wakaandika. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Sisi tuko na nini? Watu wa Walikale, jibuni haraka: tuko na Mwindo. Wanyanga waliimba habari zake tangu zamani, na mwaka 1956 muzee Candi Rureke aliimba siku baada ya siku mbele ya Daniel Biebuyck, Mubelgiji, aliyekuja kuichapisha mwaka 1969. Leo inafundishwa mu vyuo vikuu vya Marekani, na vijana wengi wa Walikale hawajaiona hata kwa picha. Sasa kumbukeni mwanzo wake. Mwami Shemwindo anaoa wanawake saba na kutoa amri: zaeni wasichana tu, mutoto mwanaume ataniona. Kwa nini wasichana tu? Kwa ajili ya mali ya ndoa. Kila binti ni mbuzi na vitu vitakavyoingia kwake. Na anayemuokoa Mwindo ni nani? Ni shangazi, Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, mwenye maji, ndani ya ziwa. Soma tena. Wale wake saba hawana sauti. Iyangura ana akili kuliko wanaume wote wa hadithi, lakini wimbo hauitwi kwa jina lake. Tungependa kumusoma Iyangura akiandikwa na musichana wa Walikale. Alikuwa anafikiri nini kule chini ya maji? Alimutaka Mukiti? Nani alimuuliza?

Tukiongea hivi, kuna muzee mumoja wa harakati atasema: andikeni nyinyi, tuko na kazi. Tutaandika. Mukumbuke tu kwamba wasichana wengi ambao wangeandika wako kambini, au wameshaolewa, au walifukuzwa juu ya barua. Elimu ya msingi ni bure tangu mwaka 2019, kwa karatasi. Mu vijiji vyetu kuna walimu NU ambao leta haijawaingiza kwa mushahara, wanaishi kwa kile wazazi wanachochanga, na mashule mengine yamekuwa fasi ya kulala ya waliokimbia vita. Mariama Bâ, ambaye wengi wetu tulimusoma sekondari, alikuwa mwalimu pia, na Une si longue lettre ilitoka mwaka 1979, miaka minne baada ya Selina. Hatuamini ni bahati tu kwamba wote wawili walitoka darasani. Mwalimu asiyelipwa haandiki riwaya. Anatafuta shamba la kulima mihogo.

Kwa hiyo, tunachoomba.

Kwa waalimu na maprefe wa Masisi na Walikale: barua ya mwanafunzi isisomwe mbele ya watu. Kama kuna jambo, aitwe yeye na muzazi wake, mulango ukifungwa. Na hakuna kosa la moyo linalomunyima mutoto Exetat aliyoilipia.

Kwa wenzetu wa Goma na walio mbali, mu Kampala, Nairobi, Bruxelles: mukipata kitabu cha Rebeka Njau cha karatasi, tutumieni. Mwaka 2019 alitoa kumbukumbu zake, Mirrored Lives, akiwa amepita miaka 80, na hatujafaulu kuipata. Wanaojua Kiingereza vizuri watusaidie kutafsiri Selina kwa Kiswahili cha kwetu, sura moja moja, kwa sauti ya simu kama haiwezekani kwa maandishi. Mama zetu wengi hawasomi, lakini wanasikia, na tunataka kujua watasema nini juu ya yule mama mukwe.

Kwa wasichana: tumefungua daftari. Andika jina lako au usiandike. Si lazima iwe juu ya vita. Daftari linakaa kwa mwenzetu mwanamuke, si kwa mwanaume, na hakuna atakayesoma kwa sauti bila ruhusa yako. Hadi leo limeingia maandishi matano. Moja ni juu ya mama aliyemuuzia kaka shamba bila kumwambia baba. Lingine, kurasa nne, ni juu ya rafiki, na aliyeandika ametuomba tulifiche hadi atakaposema.